Mama Aliyeomba Maji Chini ya Kindu

Mimi ni muuguzi. Miaka yangu yote nimefundishwa kuandika kile nilichopima, si kile nilichodhani. Kwa hiyo haya ninayokueleza, yachukue kama ungechukua karatasi ya mgonjwa: nilikuwa macho, nilikuwa mzima, jua lilikuwa bado juu ya miti, na mikono hii miwili ndiyo iliyogusa.

Ninayasema sasa kwa sababu wapwa zangu waliorudi Kindu kutoka Lubumbashi wamepata mchezo mpya. Jumamosi wanapakia hema na masufuria kwenye mtumbwi, wanateremka Lualaba, wanalala kwenye mafungu ya mchanga. Wana filtri ndogo ya kuchujia maji, nzuri kuliko ile yangu. Sijawakataza. Ila niliwaeleza kwanza, na ninakueleza na wewe.

Ilikuwa miaka ya vita. Treni ilikuwa imesimama, njia ya Kalima haikupitika, na sisi wa chanjo tulikuwa na barabara moja tu, mto. Daktari mmoja mgeni, siku alipoondolewa kwa ndege, aliniachia filtri yake ya mkono. Ilifanana na pampu ya baiskeli, ina mipira miwili: mmoja unautia mtoni, mwingine kwenye chupa. Ndani mna kitu cheupe kama mshumaa wa udongo, ndicho kinachoshika uchafu. Ukisukuma ikawa nzito, unafungua, unasugua mshumaa kwa brashi ya meno, unaendelea. Kwa muda wa kukaanga samaki mmoja unapata maji ya kutosha watu wawili mpaka kesho. Mimi ni mtoto wa reli, baba yangu alitoka Kasai kufanya kazi ya gari-moshi, sikuzaliwa na tumbo la mtoni. Bila ile filtri ningekufa kwenye ziara ya pili.

Mwendeshaji wangu wa mtumbwi, Papa Ramazani, Mgenya wa Kindu, kabila la wavuvi wa mtoni, aliicheka.

"Mama muganga, miye nilikunywa maji ya Lualaba mbele ya kukunywa maziwa ya mama yangu."

Alikunywa kwa kiganja, akiinama ukingoni mwa mtumbwi, hata mwaka ule kipindupindu kilipokuwa kinateremka mtoni kijiji kwa kijiji. Nilimwomba, nikamgombeza. Wapi!

Siku ninayoisema tulikuwa tunakwenda upande wa Lokandu na sanduku la baridi la chanjo. Alasiri upepo ukaanza kupiga, mawimbi yakaingia mtumbwini. Mbele yetu kulikuwa na fungu kubwa la mchanga, refu, lenye majani marefu katikati. Nikasema tushuke hapo tulale. Papa Ramazani akasema twende mbele.

"Mbele wapi? Tutazama."

"Pale si pazuri, Mama."

"Pana nini?"

Akakaza kupiga kasia. Nami nilikuwa mkuu wa safari, nikaamuru. Tulipofunga mtumbwi alisema anakwenda kutafuta kuni, akashika njia ya ncha ya mbali ya fungu, akapotelea nyuma ya majani.

Nilichuchumaa ukingoni nikaanza kusukuma maji. Ilikuwa yapata saa kumi. Nilipoinua macho, palikuwa na mama mmoja amesimama hatua tatu kutoka kwangu, amefunga kikwembe kilicholowa mpaka kifuani, mtoto mgongoni, bidoni ya manjano ya lita tano mkononi. Sikushtuka. Kwa nini nishtuke? Vita vilikuwa vimejaza watu kwenye kila kisiwa. Tulisalimiana vizuri.

"Mama, unasukuma nini?"

"Maji."

"Na maji si iko pale chini?"

"Ninatoa ugonjwa. Hii ikishapita humu, haiumizi tumbo."

Alitazama mpira, akatazama chupa. Akaniwekea bidoni mbele ya magoti.

"Basi unisaidie. Watoto wangu wane wako kule, wote tumbo inawatoka. Na huyu wa mugongoni."

Unadhani nilimwuliza ametoka wapi? Hapana. Nilijaza bidoni. Nilisimama mara mbili kusugua mshumaa, na yeye akaningoja. Ilipojaa alijitwika kichwani. Kisha akasema, "Huyu hataweza kunywa kwenye bidoni," akafungua mbeleko, akanipa mtoto.

Hapa naomba unisikilize vizuri.

Nilimlaza magotini kama nilivyolaza watoto mia. Macho yalikuwa yameingia ndani. Nilibana ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama, haikurudi. Mwili wake ulikuwa na baridi ya mto. Nilitia vidole shingoni, nikatafuta mshipa. Nikatafuta tena upande wa pili. Nikaweka sikio kifuani. Hapakuwa na kitu. Niamini, mtoto aliyekufa ninamjua, na yule alikuwa amekufa, si saa ile, tangu zamani.

Nikainua uso nimwambie mama. Kabla sijafungua mdomo, yeye akasema taratibu, "Umupe tu, Mama."

Nikachukua kijiko changu, nikakitia maji, nikamwekea mtoto mdomoni. Nilifanya hivyo kwa ajili ya mama, kama unavyofanya jambo la mwisho la heshima. Vidole vyangu vilikuwa bado shingoni pake.

Akameza.

Nilihisi koo likisogea chini ya kidole. Nikampa kijiko cha pili, akameza. Cha tatu, akameza, na ulimi ukatoka kidogo kutafuta kingine. Nilimpa mpaka akafunga mdomo mwenyewe. Mshipa haukupiga hata mara moja.

Mama alimchukua, akamfunga mgongoni, akanishukuru. "Aksanti, Mama. Na ule mutu wako umupe na yeye hii maji. Umwambie sina maneno naye." Akaenda zake kwa njia ileile ya ncha ya mbali, bidoni kichwani, hamwagi hata tone.

Nilikaa palepale. Sijui ni muda gani. Chupa yangu ilikuwa imeanguka na maji yamemwagika. Ndipo Papa Ramazani akatokea kutoka upande ule alikokwenda yule mama. Hakuwa na kuni hata moja.

"Umekutana naye?" nikamwuliza.

"Na nani? Hakuna mutu." Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Mama, ulipita kule? Mchanga imelowa. Na mvua haikunyesha."

"Wapi?"

"Juu ya makaburi."

Nikamweleza yote: kikwembe, bidoni, watoto wanne na wa mgongoni. Nilipofika kwenye maneno ya mwisho, kwamba hana maneno naye, yaani hana kinyongo, Papa Ramazani akakaa chini mchangani, akalia kama mtoto.

Kisha akanieleza: yeye ndiye aliyewaleta pale. Siku risasi zilipoanza Kindu alimvusha yule mama, aliyeitwa Sifa, na watoto wake watano, akawashusha pale, mbali na askari. Maji safi ya kunywa hawakuwa nayo, wala dawa. Akamwambia, "Nitarudi keshokutwa na chakula." Siku ileile mtumbwi wake ukakamatwa na wenye bunduki. Alipopata mwingine, mwezi ulikuwa umepita, nao walikuwa wamekufa kwa kuhara. Wavuvi ndio waliowazika: watoto wanne, na mama pamoja na mtoto wake mchanga katika shimo moja. Hakuwahi kushuka pale tena, mpaka siku nilipomlazimisha.

Nilisukuma chupa nyingine. Alikataa. "Hiyo si yangu." Nikamwambia, "Sifa mwenyewe ameiagiza kwa ajili yako." Akashika chupa kwa mikono miwili, akanywa yote.

Upepo haukutulia, kwa hiyo tulilala palepale. Ndiyo, tulilala, na hakuna kilichotokea.

Papa Ramazani hakunywa tena kwa kiganja. Tulirudi Kindu, akatafuta ndugu za Sifa ng'ambo ya mto, upande wa Alunguli, akajisimamisha mbele yao, akasema kila kitu. Matanga yakafanyika. Alifariki mzee, kitandani mwake.

Mimi sikupona hivyo. Mpaka leo, hospitalini, siwezi kuandika saa ya kifo ya mtoto kabla sijampa kijiko cha maji na kuweka vidole shingoni. Daktari mkuu alinikemea, baadaye akachoka. Usiniulize kama kuna aliyerudi. Hakuna. Lakini wawili walimeza.

Basi wewe utakayelala kwenye mafungu ya mchanga chini ya Kindu, chuja maji yako, na uchuje kupita haja yako. Akija mama na bidoni, usimwulize habari nyingi; mjazie. Na kama kuna mtu uliyemwambia "ningoje, ninarudi," kisha hukurudi, mtafute kwanza, au watafute watu wake, kabla hujaingia mtumbwini. Si wote wanaokuja wakiwa hawana maneno nawe.