Binti Aliyekataa Hata Majani

Kwetu Morogoro jina halitolewi hivihivi. Jina huvuta. Ukimpa mtoto jina la mwenye bahati, bahati itamfuata. Ukimpa la mwenye mkosi, ndio hivyo tena. Kwa hiyo binti yangu alipozaliwa Johannesburg mwaka tisini na tano, nilijiona mjanja.

Baba yake aliishi kwetu kama mkimbizi wa siasa. Kanioa, kanileta kwao, kumbe kwao kuna mke mwingine. Mkosaji wa kwanza huyo. Wa pili ni mama yake, aliyelijua hilo akanipokea kwa tabasamu, kisha akataka mtoto aitwe jina lake yeye. Nikagoma. Nilikuwa nashona pindo kwenye duka la vitambaa la Wahindi pale mtaa wa Kensington, na siku moja akaja bibi harusi kupimwa, kasindikizwa na magari matatu. Jina lake lilitariziwa kwenye mtandio kwa uzi wa dhahabu: Aparna. Nikasema, huyu anakula raha, na wangu atakula. Maana yake sikuuliza. Mkosaji wa tatu ni mimi, na darasa la nne langu.

Miaka kumi na miwili nikamwambia mtoto maana ya jina lake ni malkia. Halafu mwalimu akataka kila mwanafunzi asimame aeleze jina lake na lilikotoka.

"Mama, nitafutie ukweli," binti akasema. "La sivyo nachukua jina la gogo."

Gogo ni bibi kwa Kizulu, ndiye huyo mama mkwe wangu, na alikuwa akilingoja neno hilo tangu mtoto yuko tumboni.

Nikarudi dukani. Mama mwenye duka, kazeeka, mkasi bado unaning'inia shingoni, akacheka mpaka akakaa.

"Malkia? Nani kakwambia?"

"Nilijiambia mwenyewe, Mama."

Akanieleza. Ni Kisanskriti, lugha yao ya kale ya ibada. Parna ni jani; Aparna, asiye na hata jani. Ni jina la mungu wao wa kike, binti wa mlima, aliyempenda mmoja aliyejitenga na dunia, haangalii mwanamke. Binti akafunga ili ampate. Akaacha chakula, akabaki na majani makavu yaliyoanguka. Mwisho na hayo akayaacha.

"Akampata?"

"Akampata."

Penye roboti, zile taa za barabarani, nilicheka peke yangu watu wakasogea pembeni. Mimi nami nilimfuata mwanamume mpaka nchi ya baridi, nikafunga kwa njaa kwelikweli, nikapata cherehani. Nimelikimbia jina la mama mkwe, nikamtwisha mwanangu mikasa yangu, tena kwa uzi wa dhahabu.

Jioni nikamwambia yote, na uongo wangu ndani yake. Nikangoja amtaje gogo. Akachezea kijiko, kisha akaniuliza kwa Kizulu, maana Kiswahili chake ni cha kusikia tu:

"Huyo binti wa mlima, kuna aliyemlazimisha kuacha majani?"

"Hapana. Mwenyewe."

"Basi nabaki nalo." Akaisukuma sahani kwangu. "Ila huu mchicha, mama, jina langu haliruhusu."

Nikaula wote mimi.