Nilivunja Mlango wa Mama Adero Nikitafuta Coil

Najua mtanitusi kwenye comments. Tusini tu, lakini kwanza mnisome mpaka mwisho.

Kwenye plot yetu kulikuwa na mama aliyekuwa anapika bila moto.

Sitanii. Miezi mitatu tangu ahamie, hakuna mtu aliyewahi kumwona Mama Adero akiwasha jiko. Hakuwa na mtungi wa gesi. Hakuwa na stovu ya mafuta ya taa. Moshi haukutoka chumbani kwake hata siku moja. Lakini kila jioni akirudi kutoka Soko la Toi, anakouza sweta za mitumba, anafunga mlango, na kabla hujamaliza kufua soksi, harufu ya maharagwe yaliyoiva imejaa plot nzima.

Watu wakaanza kunong'ona mambo ya uchawi. Mimi si mtu wa uchawi. Mimi nilijua ni nini.

Coil.

Kama hujawahi kuiona, ni ule waya uliojikunja juu ya kigae. Unachomeka kwa stima, unawaka mwekundu, unapika. Hakuna moshi. Na inakunywa stima kama ng'ombe wa kiangazi.

Sasa niwaeleze kwa nini nilikuwa na hasira hivyo.

Plot yetu iko Kabiro, Kawangware. Vyumba kumi na viwili, mita ya stima moja. Landlord wetu, Mburu, alishanawa mikono kitambo: "Stima ni yenu, jipangeni." Kwa hiyo kila Jumamosi kila nyumba inachanga, na mtu mmoja ananunua token, ile namba ya kuingiza stima kwenye mita. Huyo mtu alikuwa mimi, Shiundu. Nilichaguliwa kwa sababu nina mdomo na sina mchezo.

Sheria niliiandika kwa mkono wangu na kuibandika getini. Balbu, TV na kuchaji simu, basi. Atakayepatikana na coil atatoka siku hiyo hiyo, na godoro lake.

Zamani token ilikuwa inatufikisha Jumamosi hadi Jumamosi. Halafu ikaanza kuisha Ijumaa. Halafu Alhamisi.

Na nani alianza kuangaliwa vibaya? Mimi niliyeshika pesa.

Kiarie, kijana wa chumba namba tano, alinirushia maneno mbele ya watu tukiwa tunateka maji.

"Buda, si tunachanga doo ile ile? Inaenda wapi? Ama siku hizi nduthi inakunywa token?"

Watu wakacheka.

Mimi ni mtu wa boda, na nduthi ndiyo pikipiki yangu. Kila tarehe kumi na nne jioni nakaa na redio nikingoja bei mpya ya mafuta kama mtu anayengoja hukumu. Wakipandisha usiku, asubuhi nami nimepandisha nauli. Abiria akilia namwambia, "Si mimi, ni mafuta. Nenda ulilie waliopandisha." Siwezi kubeba hasara ya wakubwa wa serikali walio kwenye magari ambayo hawayajazii mafuta kwa pesa yao. Hao watu nawachukia, na sitaomba msamaha.

Lakini kuitwa mwizi kwa ajili ya token? Hapana.

Tena nyumbani kwangu hakukuwa na shida yoyote. Hilo nilikuwa najisifia stage nzima na plot nzima. Kila asubuhi namwachia bibi yangu Eddah mia mbili mezani, ya makaa na chakula. Wanaume wenzangu wakilalamika kwamba mabibi zao wanataka nyongeza, mimi nacheka.

"Wa kwangu anajua kubana," nawaambia. "Asubuhi naoga maji moto, jioni nakula githeri imeiva. Mia mbili ile ile. Nyinyi mlioa wapi?"

Siku moja nilimvizia Mama Adero getini akiingia na lile kapu lake kubwa la biashara.

"Mathe, niaje. Wewe hupikia nini?"

"Napikia njaa," akasema, anacheka.

"Sijauliza hivyo. Moto yako iko wapi?"

Akalihamisha kapu mkono wa pili. "Shiundu, mimi na moto tuliachana Kibera."

Akapita. Mimi nikaona ni dharau. Mtu anaiba stima yetu halafu ananijibu kwa mafumbo!

Nikatangaza kwamba ikifika Jumamosi nitakuwa nimemtoa huyo mwizi hadharani. Kila mtu alijua namaanisha nani. Mama Adero naye alijua. Nilisikia ameanza kuulizia nyumba kule Gatina.

Haikufika hata Jumamosi. Jumatano, saa kumi na mbili jioni, stima ikazima.

Siku nne tu! Watoto wakalia TV. Kiarie akatoka nje akipiga mabati. "Token imeisha! Treasurer ako wapi? Leo atatuambia!"

Na papo hapo, kutoka mlango namba nane, kwa Mama Adero, harufu ya maharagwe.

Sikufikiri. Nilienda pale na watu nyuma yangu, nikagonga mpaka mkono ukauma.

"Fungua!"

"Ngoja, navaa," Mama Adero akajibu kutoka ndani.

Kwangu mimi hiyo "ngoja" ilikuwa ya kuficha coil. Nikarudi hatua mbili, nikapiga teke. Komeo likang'oka na misumari yake.

Mama wa watu alikuwa amesimama kando ya beseni, amejifunga leso, maji yanamtiririka miguuni. Umri wa mama yangu mzazi.

Mtu mwenye akili angegeuka hapo. Mimi niliinama chini ya kitanda.

Nikapekua. Nikavuta masanduku. Nikatazama soketi ukutani, nikakuta ameiziba kwa selotepu, tabaka juu ya tabaka. Nikaona lile kapu liko kwenye kona. Nikaingiza mkono. Lilikuwa na joto.

"Hii hapa!" nikapiga kelele. "Njooni muone!"

Nikatoa sweta. Chini yake sweta nyingine. Nyingine tena. Katikati kulikuwa na sufuria imefunikwa, moto kiasi cha kukuchoma vidole. Nikajua coil iko chini kabisa. Nikalipindua kapu lote.

Maharagwe yakamwagika sakafuni. Chini ya kapu kulikuwa na mto wa matambara. Hakuna waya, hakuna chochote.

Mama Adero akayaangalia maharagwe yake, halafu akaniangalia mimi.

"Asubuhi nayachemsha Toi, kwa jiko ya Filister, yule anauzanga chai. Nusu saa tu. Nafunika, nafunga na sweta, naweka chini ya meza yangu. Ile moto inabaki ndani ya sufuria. Jioni nikirudi nafungua naonja, imeiva, nafunika tena nioge." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Hiyo ndiyo uchawi yangu."

"Si ungesema tu, mathe," mtu mmoja akasema kutoka nyuma.

"Nilimwambia Shiundu mimi na moto tuliachana. Nyumba yangu Kibera iliungua mchana, nikiwa kazini. Jirani aliacha coil. Nilibaki na nguo za mwilini na simu. Sasa nyinyi mnaniita mimi mtu wa coil?"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini mdomo wangu ni mbaya, bado nikauliza, "Sasa token inakulwa na nani?"

Mama Adero akajifunga leso vizuri.

"Mlango yangu mmeshafungua. Sasa fungueni zenu."

"Fiti kabisa!" Kiarie akadakia. "Na tuanze na ya treasurer."

Nikacheka. Walahi nilicheka. "Anzeni na yangu! Twendeni!"

Eddah alikuwa amesimama mlangoni, mikono yote miwili imeshika fremu.

"Baba Christine, usiingize watu."

"Toka hapo. Sisi hatuna cha kuficha."

"Nakuomba."

Nikamsukuma kando. Nikaingia kwa madaha, nikainua pazia la kitanda ili waone wenyewe.

Ilikuwa pale, juu ya tofali. Waya wake ulikuwa bado una joto. Na juu yake sufuria ya githeri, iliyokatiwa stima ikiwa nusu mbichi.

Hiyo githeri ilikuwa yangu.

Nikageuka nikiwa nimeinua mkono. Sijawahi kumpiga Eddah, lakini siku hiyo mkono uliinuka, na nauandika huu ukweli kwa aibu.

"Unaniaibisha hivi? Nilikukosea nini?"

Eddah hakurudi nyuma.

"Mafuta ikipanda leo usiku, kesho asubuhi wewe umeshaongezea customer. Ni uongo?"

Nikashusha mkono.

"Customer akilia unamwambia si wewe, ni mafuta. Mimi nilikuambia makaa imepanda. Nilikuambia mara ngapi? Ulinijibu nini?"

Nilikumbuka nilichomjibu. Nilimwambia mwanamke mwerevu hubana.

"Mia mbili umeniachia tangu Christine akiwa PP1, chekechea. Christine sasa ako grade four! Mkebe moja ya makaa peke yake inakula karibu nusu. Nikibana zaidi ya hapo nitabana shingo. Ulitaka githeri iive na nini? Na maombi?"

Nje watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye kamba za nguo. Hakuna aliyecheka. Wanawake wengine walikuwa wanatazama waume zao.

Kiarie akaenda getini, akabandua ile karatasi yangu, akarudi akiisoma kwa sauti. "Atakayepatikana na coil atatoka siku hiyo hiyo, na godoro lake."

Eddah akaanza kukunja nguo za mtoto. Hakulia. Alikuwa anakunja tu, kama mtu aliyekuwa anajua siku hiyo itafika.

Hapo ndipo Mama Adero aliposogea mlangoni.

"Ngojeni. Sheria inasema mwenye coil. Mwenye coil hapa ni nani?"

"Si huyu mama?" mtu akajibu.

"Huyu alikuwa anapikia nani? Nani amekuwa akituambia hapa kwa mfereji ati yeye anaoga maji moto kila asubuhi?"

Macho yote yakanigeukia.

"Huyo ndiye mwenye coil," akasema. "Mama na mtoto wabaki. Coil itoke. Na yeye atoke nayo."

Nilifikiri ni mzaha. Haukuwa mzaha. Hata Mburu alipopigiwa simu alisema kama plot imekubaliana, geti liko wazi.

Nilipoinama kukunja godoro, Eddah akaliwekea mguu.

"Hiyo inabaki. Christine atalala wapi?"

Kwa hiyo hata sheria yangu mwenyewe haikutimia yote. Nilitoka bila godoro.

Sasa nalala kwa Benard, mwenzangu wa boda, huku Kibera karibu na Olympic. Siku ya kwanza nilijipa mia mbili nione kama wanawake wanazidisha. Makaa, unga, sukuma, nyanya moja, na pesa ikawa imekwisha kabla ya mafuta ya kukaangia. Siku ya pili nilioga maji baridi. Siku ya nne nilijikuta nimekaa kitandani nikiitazama soketi ya Benard, nahesabu saa ambazo hayupo nyumbani.

Mimi huyo, niliyeandika sheria.

Nilirudi Kabiro na komeo jipya na fundi, mlango ukatengenezwa. Halafu nikaenda Toi na kilo mbili za maharagwe. Mama Adero alizipokea bila kunitazama, akampimia mteja sweta, akamaliza, ndipo akanitupia sweta mbili zilizotoboka viwiko.

"Za Eddah?" nikauliza.

"Eddah nilishamfundisha. Hizo ni zako. Utaanza kujipikia."

Juzi ilikuwa tarehe kumi na nne. Wamepandisha tena. Jana asubuhi nikaongeza nauli kama kawaida, abiria wakatukana kama kawaida. Lakini kabla sijawasha pikipiki nilimtumia Eddah pesa ya siku, mara mbili ya ile ya zamani. Akanijibu neno moja: "Imefika."

Hakusema nirudi. Na mimi sijauliza.

Bado nina hasira na wanaopandisha bei. Nitakufa nayo. Lakini wao wako mbali, hawasikii, na hasira yangu ilikuwa inatafuta mlango wa karibu wa kuvunja. Nikauvunja wa mama aliyeunguliwa na nyumba, huku mwenye makosa akiwa anaoga maji moto kwangu.

Wewe mwanaume unayesoma hii ukiwa umejaza mdomo matusi ya serikali, sawa, watukane. Mimi niko na wewe. Lakini ile pesa uliyoacha mezani leo asubuhi, mara ya mwisho uliiongeza lini?