Mfongo wa Kwenye Ramani

Asubuhi ile niliondoka Moshi mjini kwa sababu mvua ilikuwa imekatika na lori la saruji lilikuwa linapanda mlimani. Dereva aliniuliza naenda wapi, nikamwambia popote atakaposhusha mzigo. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, kuuza mitumba kulikuwa kumenichosha, na Marangu sikuwa nimewahi kufika. Sababu nyingine sikuihitaji.

Mvua ilirudi lori limeshanishusha Marangu, nikiwa njiani kwa miguu. Nilikimbilia kwenye baraza ya nyumba moja katikati ya migomba, nikapiga hodi, nikakuta watu watatu wameinamia karatasi ya mfuko wa saruji: wapagazi wawili wa mlimani, ndugu, pamoja na dada yao. Masika hakuna wageni wa kupandisha, kwa hiyo walikuwa wanacheza. Walinipa kigoda, kisha wakanisahau.

Mchezo wa namna ile sikuwa nimewahi kuuona. Mtalii mmoja alikuwa amemwachia yule mkubwa dadu zenye nyuso nyingi na kumfundisha kanuni. Yeye ndiye alikuwa mwenye mchezo: anachora nchi, anasimulia kilichomo, na mazimwi yote ni yeye. Wenzake walikuwa watu ndani ya hadithi, kila mmoja akiwakilishwa na punje ya buni juu ya karatasi. Wakitaka kufanya jambo la hatari, dadu huamua.

Buni ya dada ilikuwa taabani. Humo ndani alikuwa mganga, na jeraha moja zaidi lingemuua. Anayekufa harudi mchezoni mpaka masika mengine. Angebaki jikoni akisikiliza wenzake wanavyocheka. Alikuwa ameshawaambia kwamba hilo halitatokea.

Mbele yao kulikuwa na msitu wa mazimwi, na kijiji ng'ambo yake. Mdogo wao alitaka wapite katikati, mbio. Dada akamkumbusha kwamba mbio zake ndizo zilizomjeruhi yeye mganga. Wakabishana: wapande kwenye miamba, watupe nyama pembeni, wajipake majivu. Mwenye mchezo alikuwa na jibu kwa kila njia, na majibu yake yote yalikuwa na meno.

Mimi nilikuwa natazama mstari mmoja mwembamba. Mito yote ya ramani ile iliteremka. Huu ulikatiza ubavuni mwa mlima, ukapita pembezoni mwa msitu hadi kijijini. Nikauliza huo ni mto gani usiotaka kuteremka.

"Si mto, ni mfongo," dada alisema. Akanieleza, mimi wa mjini, kwamba ni mfereji wa kuleta maji mashambani, unachimbwa na watu wa ukoo. Kisha akamgeukia kaka yake. "Huu kauchimba nani?"

Mwenye mchezo alikuna kichwa. Akasema mkono ulijichorea wenyewe, kwani kuna mlima usio na mfongo?

"Kilichochorwa kipo. Kanuni yako hiyo," dada alisema. "Na mfongo una wenyewe, wanaufyeka, wanaulinda. Zimwi gani litakaa hapo lisubiri majembe?"

Mdogo wao alicheka mpaka akaegemea ukuta. Wakazisogeza buni kufuata ule mstari. Mwenye mchezo hakukubali kirahisi. Akawatolea mzee wa mfongo, panga mkononi, amekasirika kwa kuchafuliwa maji. Akamtaka dada arushe dadu.

Dada hakuigusa. Alinyoosha mkono nje ya baraza, mvuani, akachuma jani la isale, ule mmea wa mipakani ambao Mchagga akikuletea kuomba msamaha, huwezi kumkatalia. Akaliweka juu ya karatasi, linadondosha maji.

"Shikamoo, mzee. Tumekosa."

Kaka yake alilisogeza lile jani pembeni, lisiloweshe ramani. "Marahaba," akasema. "Piteni."

Kijijini walipokelewa, wakaulizwa wageni ni wangapi. Dada akachukua buni nyingine, akaiweka kando ya yake na kusema ni watatu, na huyu wa mjini naye apatiwe pa kulala. Mwenye mchezo akajibu kwamba stoo ya kahawa ina nafasi.

Nikauliza, stoo ya kijijini au ya hapa?

Mdogo wao akaniambia nipunguze maswali, nikachukue mkeka kabla mbuzi hajaulalia.