Niliwashia sima moto: habari ya pavema yetu mupya hapa Nyabiondo

Wakuu, mupokee salamu ya mangaribi kutoka huku milimani ya Masisi. Ba papa, ba mama, kaka na dada, wote.

Mimi niko musomaji wa siku mingi hapa. Nasomaka, nachekaka, naendaka kulala. Leo njo mara ya kwanza naandika, na yote nitasema njo vile ilipita. Mama mukwe wangu iko amekaa hapa pembeni, nikiongeza ata kidogo atanipiga na fimbo.

Kuko mutu aliuliza hapa: nyumba yake iko ya mbao, chini udongo, anataka pavema ya nguvu, ile sakafu ya kukanyaga, atie nini? Batu bakamujibu karo, ile vigae ya kungaa, karo, karo. Nikasema ngoja na miye nitoe yangu, mbele huyu mutu avunje muguu.

Nyumba yetu iko ya mbao, mabati juu, salon ya kupokea wageni na vyumba tatu. Chini ilikuwa udongo tangu tulioana.

Na ile udongo ilikuwa na mwenyewe. Ni mama mukwe. Asubui yote anakamata kopo ya maji, anarusha na vidole, tshaa, tshaa, vumbi ilale, kisha njo tunafagia. Siku ya posho, jumamosi, anachanganya mavi ya ngombe na majivu, anapiga magoti, anapakaza salon na mukono, anarudi nyuma nyuma mpaka mulangoni. Ikikauka unaweza kumwanga unga pale na kuiokota.

Shirika yetu, ile kikundi ya majirani tunasalaka nayo ku manyumba, ikifika kwetu ba mama, wenye wanamuitaka Tate, ni kusema bibi, wanasema: "Hii udongo ya Tate iko kama sahani!" Yeye anajifanya hasikii. Anasikia muzuri sana.

Shida ilikuwa funza.

Mutoto wangu wa mwisho, Riziki, funza zilimukula vidole mpaka akawa anatembea na visigino kama bata. Kila mangaribi pini, petroli, na kilio. Nilipiga magoti nikasema: Bwana, nisaidie nipate pavema ya nguvu mbele huyu mutoto aanze masomo.

Mungu alisikia. Mwaka ile maharagwe ilizaa, na bwana yangu, Papa Neema (Neema njo mukubwa wetu, aliisha kuolewa), biashara yake ya mawese kule Walikale ikaenda muzuri. Tukasema ni sasa.

Njo vita ya kuchagua ikaanza.

Papa Neema alitaka mbao. Kule Walikale anaona mbao ya pori, nyekundu, muzito, na bei iko chini. Akaleta kipande moja, anaipapasa kama mutoto.

Mama mukwe akaiangalia, akauliza: "Na chini ya mbao kutakuwa nini?"

"Kutakuwa nafasi kidogo, mama. Hewa ipite."

"Basi panya watafanya shirika yao pale chini. Sisi tukisema Salamu Maria, wao wanaitika."

Mbao ikaishia pale.

Miye nilikuwa nataka karo. Nyeupe, ya kungaa, kama niliona mu salon moja ya Goma. Nilienda kwa Papa Kambale, muchuruzi wa Butembo mwenye duka hapa kwetu, ile mwenye kutundika musalaba juu ya kasha ya misumari. Nikamuambia nimepima salon mwenyewe na kamba, urefu mara upana. Ile hesabu nilijifunza ku masomo ya mangaribi ya paroisse, pale kanisani, na wakuu, siku ile nilijisikia mukubwa!

Papa Kambale akanipa karo ine za kujaribu. Akasema: "Mama, zipeleke, uishi nazo juma moja. Karo iko kama bibi arusi. Siku ya kwanza yote ni muzuri."

Nikazipanga pale mulangoni, juu ya udongo, nikaenda kulala na furaha.

Asubui mama mukwe akafanya kazi yake. Tshaa, tshaa, salon yote, na karo ndani. Papa Neema akatoka kukamua ngombe, anaingia na ndoo ya maziwa.

Sitasema namna alianguka, juu ya heshima. Nitasema tu kama maziwa ilifika ku picha ya Bikira Maria.

Mama mukwe akasema polepole: "Bibi arusi amekaribisha bwana."

Tulicheka mpaka Papa Neema mwenyewe akacheka, amelala pale pale chini. Karo zikarudi boutique.

Ikabakia sima, ile saruji ya mifuko. Wote tukakubali, paka mama mukwe njo alikataa. Siku tulileta mifuko ya kwanza na pikipiki, mama mukwe alitosha inje kitunga, kikapu yake kubwa, akaweka manguo, rozari na sahani yake, akafunga na kitambaa ya kikwembe.

"Siku sima inaingia humu, miye narudi Ngungu kwa mudogo wa bwana yako. Kule kungali udongo."

Wakuu, hapa njo roho yangu ilianguka. Ngungu iko mbali, njia mubaya, na ule shemeji anaishi peke yake na anatembea siku zote. Huyu mama alinipokea nikiwa musichana. Alinisaidia ku uzazi yote. Na nani atamupikia kule?

Nikafikiri ni baridi. Nikamuambia nitamununulia kirago mbili, nitamupa soksi.

"Miguu yangu haina shida," akasema.

Papa Neema akajaribu na yeye. Alijibiwa: "We mutoto, nenda ukamue ngombe."

Lakini mvua ilikuwa imekata njia ya Ngungu, gari hazipite. Kitunga ikakaa pale jikoni, imefungwa. Kila mara napita naiona. Nikaanza novena, sala ya siku tisa.

Kazi ikaanza. Fundi tulipata ni Papa Safari, mutu mupole, anaongea na sima kama na mugonjwa. Ba mama ya shirika walibeba mawe na muchanga kutoka ku muto, na nyimbo juu. Tukatosha udongo ya juu, tukapanga mawe, tukapiga na gogo mpaka yote ikakaa, kisha beto, ile zege ya sima na muchanga. Sisi wote tulihamia jikoni, ile iko peke yake mu kiwanja.

Papa Safari akaanza na chumba ya mama mukwe, ile iko na mulango yake ya inje. Kesho yake akapiga salon. Akasema: "Nitarudi asubui niwaelezee namna ya kuchunga."

Asubui tukasikia wamemuita kilio, mujomba yake alikufa kule mbali. Akaenda mbio. Simu yake haipite.

Sasa miye, badala ya kuuliza mutu, nikasema najua.

Wakuu, munajua huku kwetu. Baridi, ukungu, mvua. Kitu yote tunakausha na moto. Maharagwe juu ya moto, kuni juu ya moto, kaptula za batoto juu ya moto. Ata udongo mupya mu nyumba unawashiaka moto ili ikamate. Na shirika ilikuwa karibu kufika kwetu, nilitaka wakute pavema kavu.

Njo nikaweka mbao juu ya ile sima, nikapanga mbabula tatu, zile jiko za makaa, nikafungua madirisha, nikakaa inje nachunga. Siku tatu! Nikaona sima inakuwa nyeupe, nyeupe. Nikamuambia Papa Neema: "Unaona? Inaiva."

Sima inaiva. Nilisema vile na kinywa yangu.

Na huku mama mukwe? Asubui na mangaribi nasikia tshaa, tshaa. Amesimama mu mulango ya chumba yake, kopo mu mukono, anarusha maji juu ya sima mupya. Tena alifunika pembeni na majani ya ndizi.

Nikakimbia: "Mama! Utaharibu! Hii kitu inatafuta kukauka!"

"Pavema inapataka maji asubui," akasema. "Nikiwa ningali humu itapata maji. Nikienda, mufanye yenu."

Nilifanya kitu naonea haya kuandika. Nilificha kopo.

Akakamata kikombe.

Nikaficha kikombe. Akaenda ku muto na kibuyu, na fimbo yake, polepole, na akarudi. Nilivyoona vile, nikaacha. Nikasema mu roho: sawa, chumba yake itaharibika, tutaipiga upya.

Juma ilipita, Papa Safari akarudi. Alivyoingia salon akasimama. Akainama, akapitisha kidole, kidole ikatoka nyeupe kama alishika unga. Na pale katikati kulikuwa nyufa, moja kutoka mulango mpaka dirisha, zingine zinatoka pale kama vidole vya kuku.

"Mama Neema. Ulifanya nini?"

Nikamuonyesha mbabula.

Alikaa chini pale pale. "Yesu na Maria. Umeipika."

Nikamuuliza na sauti ndogo: kwani haikauke?

"Mama, sima haikaukake, inakunywaka. Juma muzima unaipa maji kama mutoto wa kunyonya. Ukiinyima, inakuwa hivi, vumbi. Inabidi nikwangue ya juu yote na nipige ingine."

Kisha akaenda kuona ile chumba ingine. Tukamufuata, miye na kichwa chini. Akatosha majani ya ndizi. Akapiga na musumari: ting. Akapiga pembeni: ting. Akakwaruza, musumari ikateleza, haiachi ata alama.

"Hii ni nani aliichunga?"

Papa Neema akaniangalia. Miye nikaangalia kibuyu.

Mama mukwe alikuwa mulangoni, anaegemea fimbo. "Ni miye. Si munasema naharibu?"

"Tate," Papa Safari akasema, "niko na wasaidizi niliwafundisha miaka, hawajue kuchunga hivi. Nani alikufundisha?"

Hapo njo akaongea, na hakumujibu yeye, alinijibu miye.

"Miaka yote humu ndani, batu wakiingia wanakanyaga kazi yangu. Sina shamba tena, mugongo inakataa. Sina ngombe, mutoto anakamua. Niko na pavema. Sasa munatia kitu yenye haitafuti mutu. Nitafanya nini mu hii nyumba, Mama Neema? Niangalie ukuta?"

Wakuu, miye nilikuwa nanunua soksi.

Nilipiga magoti pale, juu ya ile sima yake, nikakamata miguu yake. Nikasema: mama, nisamehe, na kopo yako nilificha nyuma ya mufuko ya mihogo.

"Najua iko wapi," akasema. "Nilikuwa nangoja uirudishe weye mwenyewe."

Papa Safari akapangusa macho, akasema ni vumbi ya salon yangu. Kisha akasema kazi ya upya ataifanya, lakini na sharti moja: maji itakuwa mukononi mwa Tate, na mutu asiingize mukono. "Na mbabula ikae jikoni."

Akamuuliza ata namna ya kumaliza: "Tate, nipige laini ya kungaa, ao ya kushika muguu?"

"Ya kushika. Huyu mutoto wangu anapendaka kuanguka na maziwa."

Juma ile ingine, wakuu, sijaona mukubwa wa kazi mukali kama ule. Alisimama mulangoni na kopo. Asubui, saa sita, mangaribi. Kuku ikikaribia, fimbo. Papa Neema akikaribia, fimbo. Alituma ba mama ya shirika wakate majani ya ndizi, na akawarudisha wenye walileta yenye kupasuka. Miye nilikuwa naomba ruhusa kuchungulia.

Mu ile juma, njia ya Ngungu ikafunguka. Gari ikapita asubui, ikapiga honi pale barabarani. Nikaangalia kitunga jikoni, nikamuangalia yeye.

Alikuwa anarusha maji. Hakugeuka.

"Mama," nikasema, "gari ya Ngungu njo ile."

"Nimeisikia. Waambie niko ku kazi."

Shirika ilifika kwetu jumapili yenye ilifuata. Batu waliingia na mabuti ya matope, wakapiga magoti, wakainuka, tukapangusa, ikaisha. Riziki amevaa viatu sasa, vidole vimepona, anakimbia mpaka namukemea. Na mama moja akasema kwa sauti: "Hii sima ya Tate iko kama sahani!"

Yeye akajifanya hasikii.

Kile nimejifunza ni hii. Karo ao mbao ao sima, angalia kwanza nani anaishi mu nyumba na namna wanaishi: batu wa kurusha maji asubui, usiwawekee kitu ya kuteleza. Sima ipe maji, usiipe moto. Ufunike, unyeshe, juma muzima, na uulize fundi mbele aende kilio. Na mbele ya kuondosha kitu ya zamani mu nyumba, uliza ilikuwa kazi ya nani. Miye niliuliza bei, nikauliza mita, nikasahau kuuliza ile.

Mwenye alitia mbao na panya hawakufika, anieleze alifanya aje, Papa Neema angali na kile kipande chake. Mwenye aliwasha moto kama miye, aandike bila haya, nisikuwe peke yangu. Na mafundi muko hapa munikosoe.

Ile kitunga kubwa sasa tunawekea maharagwe. Pavema haitafuti maji tena, lakini asubui bado nasikia tshaa, tshaa, na mutu hamukataze.

Ameniuliza nimeandika nini. Nimemusomea yote. Anasema ni sawa, paka kitu moja: Papa Neema hakuanguka mara moja, alianguka mara mbili.