Kucha za Bibi Harusi wa Urambo

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hina wala kijiti cha kuchorea. Ilikuwa Tabora mjini, enzi za Mwingereza, na mama alikuwa amenipeleka kwa mpambaji wa maharusi ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa. Alinikalisha mkekani, akanishika kidole.

"Binti, ukucha huu unaanzia wapi?"

Nikamwonyesha pale ngozi inapoishia. Akacheka mpaka ushungi ukamvuka.

"Hapo unamwona mtoto tu. Mama yake yumo ndani."

Ndivyo nilivyoujua mzizi wa ukucha, uliojificha chini ya ngozi. Humo ndimo ukucha unamotengenezwa, na ukiumia humo, ukucha hutoka na kasoro. Bamba gumu tunalolikata halina uhai, ndiyo maana haliumi. Chini yake kuna kitanda, nyama laini yenye damu inayoupa ukucha rangi yake. Ule weupe kama mwezi mchanga ni mzizi unaochungulia. Na ule utando mwembamba unaoziba nyuma ya ukucha, Bi Mkubwa aliuita komeo. Alituruhusu kuusukuma polepole baada ya kuulainisha kwa mafuta. Kuukata, hata siku moja.

Hina yenyewe ilitufundisha jinsi kucha zinavyokua. Ya kwenye ngozi hufifia upesi, lakini ya kwenye ukucha haifutiki, inasogea tu kuelekea nchani. Tukiangalia mstari mweupe unavyoifukuza kwa nyuma, tulijua ukucha wa mkono huhitaji kama nusu mwaka kujibadilisha wote, na wa dole gumba la mguu mwaka na ushei. Wasichana walidai vidoa vyeupe ni zawadi inakuja. Bi Mkubwa alisema ni kujigonga tu, na vitapanda mpaka vikatwe.

Nilipokomaa alinituma Urambo. Mji ulikuwa umechangamka kwa mashamba mapya, na maharusi hawakukosekana. Huko ndiko nilikokutana na Nyamizi. Mama yake alipika chakula cha kuuza karibu na stesheni, na Nyamizi aliosha masufuria tangu asubuhi mpaka jua linazama. Mchumba wake, Saidi, alifanya kazi kwenye genge la kutengeneza reli.

Siku ya hina nyumba ilijaa nyimbo. Nikaifunua mikono ya bibi harusi, nikaiweka hina kando. Ngozi ya kuzunguka kucha ilikuwa imevimba na kung'aa, utando umetoweka, na kucha zenyewe zina mawimbi, pembeni zimegeuka kijani.

Mama yake akaninong'oneza, "Paka nyingi, mwanangu. Zifunike."

Kabla sijajibu, shangazi yake Saidi aliinama akatazama.

"Ukoma!" alisema kwa sauti. "Sisi hatupeleki ukoma nyumbani kwetu."

Nyimbo zikakatika. Nyamizi akaificha mikono ndani ya kanga, machozi yakamdondoka. Nilikuwa binti mdogo kwao wote, lakini nikasema, "Shangazi, mimi si daktari, nawe si daktari. Sipaki hina juu ya ngozi iliyovimba, na harusi isivunjwe kwa kutazama tu. Twendeni hospitali Tabora."

"Twende! Nataka nisikie kwa masikio yangu."

Tukapanda treni, mimi, Nyamizi na shangazi. Hospitalini tulipokewa na Bwana Tabibu, mtu mpole mwenye miwani. Alimwambia Nyamizi afumbe macho, akamgusa kwa pamba vidoleni na mikononi kote.

"Hapa?"

"Nahisi."

"Na hapa?"

"Nahisi, unanitekenya."

Akamkagua ngozi, akampapasa viwiko kuona kama mishipa imevimba, kisha akauliza, "Unafanya kazi gani?"

"Naosha masufuria."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoweza kulinyanyua sufuria."

Bwana Tabibu akatabasamu. "Huu si ukoma, maana ukoma hutia ganzi nawe unahisi kote. Ni maji." Akatueleza kwamba mikono isiyokauka huachia ule utando, ukungu ukapenya, mzizi ukavimba na kutoa kucha za mawimbi. Akampaka dawa ya zambarau. "Lakini mikono isiloe mpaka kucha mpya zitoke. Ikiloa, dawa hii itakuwa rangi tu."

Shangazi akamfunga Nyamizi kanga vizuri mabegani, akauliza, "Sasa masufuria ataosha nani?"

Jibu tulilipata kesho yake. Saidi alitoka kazini, akaingia uani kwa mlango wa nyuma, akakunja mikono ya shati na kuchuchumaa kwenye masufuria. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Mama Nyamizi alipotoka na kumwona, alijifunika kanga usoni akarudi mbio jikoni, nusura akipige teke chungu cha maharage. Tangu siku hiyo aliamuru kutoka nyuma ya ukuta.

"Nyamizi! Mwambie huyo mtu sufuria la wali bado lina masizi!"

"Mama anasema…"

"Mwambie mama nimesikia!"

Wenzake wa genge walikuja kumcheka, wakaishia kubaki na kula. Nyamizi alikaa kwenye kigoda, vidole vya zambarau, akicheka mpaka mbavu zinamuuma. Kila nilipomtembelea nilikuta uvimbe umepungua. Kisha nyuma ya kila ukucha kikatokeza kipande laini, kisicho na wimbi hata moja. Shangazi ndiye aliyeuvuta mkono ule kwenye mwanga na kupiga kigelegele, naye ndiye aliyepanga siku mpya ya harusi. Nilipopaka hina, bakuli alilishika yeye.

Kazi hiyo niliifanya hata baada ya Uhuru, mpaka macho yalipokataa mistari myembamba. Ninyi wa saluni mna taa na vifaa vizuri, nami navifurahia. Ila mtu akija na ukucha mnene unaomong'onyoka, au uliobanduka kitandani, au wenye mstari mweusi usiopanda wala kuondoka, msiufunike kwa rangi. Mwambieni aende hospitali, na vyombo vyenu vichemsheni.

Juzi niliingia saluni moja hapa mtaa wa Cheyo, Tabora, kupumzika jua. Binti mwenye saluni akaniamkia shikamoo, akaniletea kiti na kunishika mkono.

"Bibi, mistari hii ya urefu ni umri tu. Haina ubaya, siisugui."

"Ndivyo, mwanangu," nikamjibu, nikacheka kwa raha. Miaka yote ile nilishika mikono ya watu, wala sikuwahi kukaa kitako nikashikwa mkono wangu. Akauliza kama ana ruhusa ya kunipaka hina. Nikampa na mkono wa pili.