Maombi ya Watu Wasio na Jamaa

Baba yangu, Sleyum, amestaafu ukarani, lakini watu hawajamstaafisha. Kila Ijumaa baada ya chakula huja kwetu, mtaa wa Mabela, naye huwaandikia barua za maombi kwa wakubwa. Sharti lake moja: barua haitoki bila jina la jamaa aliye hai wa yule anayeombewa. Kwa ukaidi huo amewarudisha watu wakilia, na mimi nimegombana naye sana.

Ijumaa ile alikuja Jumana, mwanafunzi wa historia. Barabara mpya ingepita juu ya makaburi ya Mayahudi wa zamani, na zilibaki siku mbili tu za kupinga. Alikuwa na nakala ya barua kuukuu: Myahudi mmoja, msemaji wa wenzake mbele ya wafalme, alimwomba mtawala wa enzi zake makaburi hayo yasiguswe. Lugha Kiarabu, herufi za Kiyahudi.

"Jamaa zao wako wapi?" Baba akauliza.

"Hapana hata mmoja, Ami. Walihama wote."

"Basi mwanangu, mimi sina la kufanya. Hebu soma, nsikie alivyoomba."

Jumana akasoma, Baba akinakili kwa mazoea tu. Nilikuwa namimina kahawa. Mara Jumana akanyamaza katikati ya sentensi, lakini kalamu ya Baba ikaendelea.

Ikamaliza sentensi. Ikaandika majina ya marehemu kumi na moja, kila mmoja na jina la mama yake.

Jumana akalinganisha na nakala aliyoishika muda wote. Yalikuwa yale yale.

"Baba, nani anakutajia?"

Alikuwa ameviinamia viti vitupu, kama anavyomsikiliza mteja mwenye haya.

"Nishawaambia, lazima awe jamaa," akaviambia. Kisha akatugeukia, jasho linamtoka. "Wanasema hawana mwengine ila mimi."

Akaandika jina lake, na la mama yake, chini ya yale kumi na moja.

"Ami, mwombaji anatia jina mwisho wa ukurasa," Jumana akasema. "Hapo ni pa marehemu."

"Ndipo waliponionesha."

Barua ikapelekwa vile vile, ikakubaliwa, barabara ikapindishwa. Jumana alifurahi mno. Mimi, Baba akikohoa tu chumbani, naacha kila kitu nikamtazame.