Ndege ni Saa Mbili

Nasubiri basi Malton, mtaa ulio jirani na uwanja wa ndege, ndege zikishuka juu ya maghala, na kidoleni nimezungusha uzi mwekundu uliofumuka kwenye koti. Uzi kama huu niliwahi kuunyoosha juu ya atlasi ya shule, kutoka Brussels hadi Roma. Baba alikuwa amepiga simu kwa jirani: “Kesho naenda Roma, ndege ni saa mbili. Nikifika nitapiga.”

Nikapima. Kilomita elfu moja na mia mbili hivi. Kweli, mwendo wa saa mbili. Nikamhakikishia mama kwamba baba akiondoka asubuhi, adhuhuri atakuwa ameshafika.

Kesho yake, hadi alasiri simu ya jirani haikulia. Mama hakugusa chakula.

“Hebu pima tena, mwanangu.”

Nilipima mpaka uzi ukachakaa.

Magharibi jirani akatuita. Mama alishika simu kwa mikono miwili.

“Baba watoto, umefika?”

“Nifike vipi? Si nilikwambia ndege ni saa mbili? Saa mbili usiku. Nimepiga kuwaaga tu, ndiyo kwanza naelekea uwanjani.”

Mama alikaa kwenye kiti cha jirani.

“Kumbe hata hajapaa,” alisema, na tukaanza kuogopa upya.